Mwendo wa Mama

Machi 3

Kitindamimba,

Salamu utazipata mwisho wa barua hii, kama zitabaki. Sikupigii simu kwa sababu nakujua. Utaanza kulia, nami nitaanza kukubembeleza, na leo sina mpango wa kumbembeleza mtu.

Jana wakati wa mapumziko niliingia chumba cha walimu nikakuta wenzangu wamejazana juu ya simu moja. Mwalimu wa jiografia anacheka mpaka ameshika meza. "Njoo mwalimu, njoo umwone bibi huyu!" Nikasogea. Kilikuwa kipande cha ile filamu ya katuni unayotutangazia kila mwezi kwamba iko karibu kwisha. Bibi mmoja wa gauni la maua anavuka chumba kwenda mlangoni. Mguu mmoja unaburuta. Mkono umejikunja kifuani kama bawa la kuku. Anafika mlangoni, anasimama, anagusa mwimo kwa vidole viwili, ndipo ananyanyua mguu avuke kizingiti. Na kila hatua inalia fwii, fwii, kama mwanasesere wa mpira aliyekanyagwa.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mwimo ule naupangusa mimi kila Jumamosi. Rangi imeng'oka pale mama anapogusa.

Waliirudia mara tatu. Mara ya tatu mwalimu wa jiografia akainuka, akakunja mkono, akaanza kuburuta mguu kati ya meza. Nilitoka nje.

Mwaka jana ulikuja siku nne. Siku nne katika miaka miwili! Ukakaa kwenye kona na daftari lako, mimi nikafurahi kwamba angalau unamtazama mama. Kumbe mwenzangu ulikuwa unachukua vipimo. Mama alipougua kiharusi ulisema kazi imekubana. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kijiko upya. Wewe umefundisha watu kumcheka.

Salamu hazikubaki.

Dada yako

---

Machi 11

Shikamoo dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza hata kukaa. Una haki ya kukasirika, lakini huna haki ya kusema nilikwenda kuchukua vipimo.

Hebu nikueleze kazi yangu, maana miaka yote hii hujawahi kuuliza. Ghorofa ya juu tuko watu sita, kila mmoja na meza ya kioo yenye taa chini yake. Karatasi zetu zina matundu, zinakaa kwenye vijiti vya chuma zisisogee hata unywele. Nachora picha moja, naweka karatasi nyingine juu yake, taa inanionyesha ile ya chini, nachora tena, mguu umesogea kidogo tu. Sekunde moja ya filamu inataka picha kumi na mbili za mkono. Yule bibi anatembea sekunde tisa. Piga hesabu, wewe ndiye mwalimu: picha mia moja na nane. Nilizichora kwa siku kumi na tisa. Nyingi nilizifuta nikaanza upya, kwa sababu mguu ulikuwa unaburuta kama wa mlevi, na mama si mlevi. Mama anatembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Ndivyo nilivyomchora. Na pale mlangoni, alivyogusa mwimo kama anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, nilichora huku machozi yananitoka, ikabidi nisogee nisiloweshe karatasi.

Sikumchora achekwe. Katika hadithi niliyopewa mimi kuichora, bibi yule anakwenda mlangoni kumfungulia mwanawe, na hakuna sauti yoyote ila kiatu chake.

Picha zikitoka kwetu zinashuka chini, kwenye chumba cha kompyuta. Huko wanaziingiza kwenye mashine, wanasafisha mistari, wanatia rangi, na bosi anaamua kinachobaki. Walitoa nusu ya picha zangu, moja ibaki moja itoke, ndiyo maana bibi anarukaruka. Sauti ya mpira wameweka wao. Mimi sikuwepo. Nilikuja kuona kila kitu kimeshakwisha.

Nisamehe kwa yaliyotokea, lakini usinihukumu kwa yasiyo yangu. Mama amesemaje?

Mdogo wako

---

Machi 19

Kitindamimba,

Mimi nimesahihisha madaftari miaka kumi na sita. Jibu la kunakili nalijua kwa harufu.

Umeandika kuwa hukuwepo. Nimefungua simu yangu nikarudi nyuma mpaka Novemba. Tarehe 22, saa nane mchana, ulinitumia ujumbe huu, naunakili kama ulivyo: "Dada leo tumekaa wote na bosi tumetazama filamu nzima toka mwanzo! Wamependa kazi yangu sana, nadhani nitapewa kuongoza wachoraji." Nikakujibu hongera. Nikamsomea mama, naye akasema Mungu akuzidishie.

Filamu nzima, toka mwanzo. Sasa niambie: hapo katikati ulifumba macho?

Wewe unauliza mama amesemaje. Mama hajui, na usithubutu kumwambia. Atalia, na daktari alishasema asishtuliwe. Mwenye duka la kona naye ameshaanza kuiga, anaburuta mguu mbele ya wateja wake. Kwa hiyo nimemwambia mama hali ya hewa si nzuri, apumzike ndani. Geti nalifunga mwenyewe nikienda kazini, ufunguo naondoka nao. Hayo ndiyo maisha uliyotuletea.

Na hayo machozi yako juu ya karatasi, kayahifadhi. Mama akipaliwa na maji hapa, hayasaidii.

Dada

---

Machi 28

Dada,

Sijui nianzie wapi, basi naanza na lile baya.

Nilikuwepo.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa bosi. Niliingia bila kubisha, nikamwambia yule bibi ni mama yangu na lile jambo si la mchezo. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akasema, "Mbona siku ile ulicheka?"

Ni kweli, dada. Tarehe 22 Novemba tulikaa chumba cha kutazamia, watu kama kumi na tano. Ile sehemu ilipofika, nikamwona mama anarukaruka na kulia fwii. Watu wakaangua kicheko. Bosi akageuka kuniangalia, kuona mwenye kazi anaonaje. Nami nikacheka, dada, tena kwa sauti. Mtu akasema, "Umemtoa wapi bibi huyu?" nikajibu, "Nimemtunga tu." Baadaye nikaenda msalani nikanawa uso, halafu nikakutumia ule ujumbe.

Ningeweza kusema neno siku ile. Filamu ilikuwa bado haijafungwa, kurudisha zile picha ilikuwa kazi ya nusu siku. Nilinyamaza kwa sababu ya cheo. Na cheo nilipewa, kabla ya mwaka kwisha.

Nitukane. Nimekaa nasubiri unitukane.

Mdogo wako

---

Aprili 6

Sina la kukutukana. Matusi humpa mtu nafasi ya kujiona ameonewa.

Umesema umemtunga. Mama aliyekuzaa, aliyekushonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, ukasema umemtunga.

Usiniandikie tena.

---

Aprili 20

Wanangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake, asije mmoja akamsomea mwenzake kile anachokitaka. Mkono wangu wa kushoto haukupelekwa shule, vumilieni mwandiko. Imenichukua siku kumi.

Kifunguamimba, ukitaka kuficha barua nyumbani kwa fundi nguo, usizifiche kwenye kikapu cha vitambaa. Nimezisoma zote. Nawe ulikuwa umenakili barua zako kabla ya kutuma, mwalimu ni mwalimu. Nimeziona za pande zote mbili.

Hiyo katuni niliiona kabla hamjaanza kugombana. Mteja aliyekuja kupimwa gauni alinionyesha Februari. Nilijitambua kabla bibi hajafika katikati ya chumba. Sikulia. Nani amewaambia nitalia? Nilikasirika. Nilikasirika nikakata kitambaa cha yule mteja vibaya, ikabidi nimlipie kingine. Tangu kijana sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu.

Sasa nisikilizeni.

Kitindamimba, umenichukua bila kuniuliza ukaniweka mbele ya watu wanicheke. Kifunguamimba, umenichukua bila kuniuliza ukaniweka nyuma ya geti watu wasinicheke. Mnaandikiana matusi kama watu waliofanya mambo mawili tofauti. Kwangu mimi ni jambo moja. Wiki tano hizi sijaliona duka. Hali ya hewa! Jua linawaka mpaka bati linalia, mtoto wangu mwenye shahada ananiambia hali ya hewa si nzuri.

Na huyo mwenye duka la kona, tulishamalizana kabla hujanifungia. Alipoiga mbele ya watu nilisimama nikamtazama mpaka mwisho. Nikamwambia, "Umesahau mkono. Kunja mkono vizuri, na mdomo uende upande kidogo." Watu wakamcheka yeye. Tangu siku hiyo akiniona ananitolea kiti. Ungeniuliza ningekwambia.

Kitindamimba, mguu wangu mbovu ni wa kulia. Huyo bibi wako anaburuta wa kushoto. Ukiamua kuiba, iba vizuri.

Halafu umeandika eti nagusa mwimo kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake. Maneno matamu, lakini si kweli. Tangu niugue, macho yangu hayaoni upande wa kulia. Naona mlango nusu. Nagusa ule mwimo wa kushoto ninaouona, nijue mlango unaanzia wapi, nisije nikajigonga. Mmoja wenu alinitazama siku nne na penseli mkononi. Mwingine ananitazama kila siku. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mimi ni mgonjwa wa mguu na mkono. Siyo wa akili.

Mama yenu

---

Mei 2

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyochora zile picha. Sina utetezi. Nitakueleza tu nilichofanya tangu niipate.

Kuhusu mguu: mimi nilichora wa kulia. Bosi alitaka bibi aelekee upande wa pili wa chumba, basi chini kule waliipindua picha kwenye kompyuta, kama unavyojiona kwenye kioo. Kubonyeza mara moja tu. Niliona, na sikusema.

Kuhusu macho, mama, sikujua. Nimekaa na hilo jambo siku nyingi.

Jumatatu nilikwenda tena kwa bosi, safari hii mbele ya watu, wakati wa kikao. Nikasema, "Yule bibi sikumtunga. Ni mama yangu, anaumwa, na siku ile nilicheka kwa woga. Naomba picha zangu hamsini na nne zirudi na ile sauti ya mpira, hiyo filimbi, itoke."

Bosi akasema, "Filamu iko kwenye kumbi za sinema wiki hii. Unataka nikaikimbize?"

"Nakala ya televisheni bado hujaikabidhi."

"Watu wanampenda bibi huyu. Ndiye wanayemkumbuka."

"Wanamkumbuka kama kichekesho."

"Kwa hiyo sasa kila mchoraji atakuja na mama yake?"

Hapo mzee mmoja wa chumba cha kompyuta, anayesafisha mistari, mtu asiyesema kitu mwaka mzima, akaweka kalamu chini. Akasema, "Mimi ndiye niliyesafisha zile picha zote mia na nane. Zilizotolewa ndizo zilizokuwa nzuri." Wengine watatu wakaunga mkono. Bosi akatoka, akabamiza mlango.

Siku ya tatu akaniita. Nakala ya televisheni itakuwa na picha zote, bila filimbi, na mguu utakuwa wa kulia. Ile ya kumbi haiguswi. Na mimi sitaongoza tena wachoraji, nimerudishwa kwenye picha za katikati, za kujaza kati ya picha za wenzangu, zile anazochora anayejifunza.

Mama, nakuomba kitu, na safari hii nauliza kwanza. Ninataka kutengeneza filamu fupi yangu mwenyewe, ya kwako, jinsi ulivyo kweli, na macho yanayoona mlango nusu. Nitalipa deni langu kwa njia ninayoijua. Unaniruhusu?

Kitindamimba wako

---

Mei 12

Kitindamimba,

Hapana.

Umeuliza vizuri, nimekujibu. Usinune. Kuuliza maana yake mtu anaweza kukataa, la sivyo si kuuliza, ni kuarifu.

Mimi sikukwambia upigane na bosi wako wala upoteze cheo. Hayo ni yako na dhamiri yako. Umefanya, sawa. Lakini usiniletee kama zawadi.

Huyo mzee wa kusafisha mistari msalimie.

Mama

---

Mei 26

Mdogo wangu,

Nilisema usiniandikie, sikusema mimi sitaandika.

Kabla ya mengine, nina langu la kusema. Niliandika kwamba siku ile chumba cha walimu nilitoka nje. Sikutoka. Mwalimu wa jiografia alipokuwa anaiga alinigeukia akasema, "Si kweli anafurahisha?" Nikatabasamu, nikasema, "Anafurahisha." Sikusema ni mama. Walimu wale hawajawahi kumwona, maana siku za sherehe za shule naja peke yangu nasema mama hajisikii vizuri. Mama hujisikia vizuri siku zote hizo. Nilikukasirikia kwa nguvu zile kwa sababu nilikuwa nimeshajikasirikia, na hasira ikakosa pa kwenda. Bado nimekukasirikia. Lakini sasa tuko wawili kwenye kapu moja.

Ufunguo wa geti anao mama. Ameufunga kwa uzi shingoni, na analala nao.

Jumamosi filamu yenu ilifika ukumbi wa mjini kwetu. Mama akasema tunakwenda. Nikamwambia mama, hiyo ni ile yenye filimbi. Akasema, "Najua. Tafuta viatu vyangu vyeusi."

Tuliingia saa tisa alasiri. Alitaka viti vya mbele kabisa. Nyuma yetu nilimwona mwalimu wa jiografia na mkewe. Nikatamani ardhi inimeze.

Sehemu ile ilipofika ukumbi mzima ukaangua. Fwii, fwii. Mama akasimama. Nilidhani anataka msalani, nikainuka nimshike. Akanisukuma mkono. "Kaa."

Akatembea. Alipita mbele kabisa, chini ya pazia la picha, mwanga wote ukiwa juu yake, akaelekea mlango wa pembeni ambao ni mbali kuliko unavyodhani. Yule bibi wa juu alishamaliza sekunde zake nne akatoka, filamu ikaendelea na mengine, lakini hakuna aliyekuwa anaitazama. Mama bado yuko katikati. Kiatu kinaburuta sakafuni, shwaa, kinasimama, shwaa. Kicheko kilikatika kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu mmoja huko juu alichelewa kuelewa akacheka peke yake, halafu akanyamaza naye. Mama akafika mlangoni. Akatafuta mwimo kwa vidole viwili, akaupata, akanyanyua mguu, akatoka.

Nikamkimbilia. Usifikiri nilimkuta ametulia kama malkia. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa hasira, jasho linamtoka, mate yanamtoka upande ule. "Nipe maji." Nikampa. Akanywa nusu, nusu ikamwagikia kwenye gauni, akafoka kwa sababu ya gauni.

Kisha akaniuliza, "Wameona?"

"Wameona, mama."

"Haya. Turudi. Nimelipa kiingilio, filamu haijaisha."

Tukarudi, kwa mwendo ule ule, mbele ya wale wale. Mwalimu wa jiografia aliinamisha kichwa. Filamu ilipokwisha alikuja, akasimama mbele yetu. Mimi ndiye niliyesema: "Mwalimu, huyu ni mama yangu." Mara ya kwanza kwa miaka miwili. Mama akampa mkono wa kushoto, akamwambia shati lake limeshonwa vibaya mabegani.

Njiani nilimuuliza ameionaje filamu. Tukapita duka la kona. Akasema, "Miti imechorwa vizuri." Zaidi ya hapo sikupata kitu.

Jana nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikwambie nini. Nikamuuliza na kama amekusamehe. Akasema bado ana hasira nawe, tena nyingi, na kwamba hasira zake hazitumwi kwa posta. Uje uzichukue mwenyewe.

Dada yako